Jiko la nyumbani likigeuka duka: sheria zataka nini?

Pita katika mtaa wowote wa Nairobi kabla jua halijachomoza, uwe Kayole, Umoja, Kawangware au Kariobangi, na pua yako itakuambia kwamba nyuma ya milango iliyofungwa watu wako kazini. Mafuta yanachemka, mandazi yanaiva, githeri iliyokesha motoni inapakuliwa ndooni. Hali ni hiyo hiyo Mombasa, Nakuru na Kisumu. Kazi zimekuwa haba na kodi ya duka haishikiki, kwa hivyo jamaa nyingi zimegeuza jiko la nyumbani kuwa mahali pa kutafutia riziki. Kuna wanaooka keki za harusi, wanaopika chapati za kuuza jioni, wanaopeleka chakula cha mchana maofisini, na wanaogandisha mtindi katika chupa ndogo.

Huenda wewe msomaji ni mmoja wao. Kama si wewe, basi yaelekea wewe ndiwe mnunuzi.

Swali linaloulizwa mara nyingi na watu hawa ni moja: "Jiko ni langu, nyumba nailipia kodi. Afisa wa afya anatafuta nini kwangu?" Wengi huamini kwamba leseni na vyeti ni njia tu ya kaunti ya kuchota pesa za wanyonge. Malalamiko hayo hayakosi msingi, nasi tutayarudia. Lakini ukiyatazama masharti yenyewe kwa jicho la daktari, utaona kwamba karibu kila karatasi unayodaiwa inauliza swali kuhusu tumbo la anayekula. Na mtu wa kwanza kula kutoka kwa jiko lako ni mtoto wako mwenyewe.

NANI HUTOA RUHUSA?

Zamani mambo haya yalikuwa mikononi mwa manispaa na mabaraza ya miji. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, mamlaka yamekuwa kwao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara, kusimamia wanaouzia umma chakula, kupanga matumizi ya ardhi, na kudhibiti kelele, uchafuzi wa hewa na kero nyinginezo.

Ndiyo maana ada ya Nakuru si lazima iwe ile ya Nairobi. Kila bunge la kaunti hupitisha sheria yake ya fedha, na viwango hubadilika. Usishike kiasi alichokutajia shemeji yako wa kaunti nyingine, wala kile alicholipa jirani miaka miwili iliyopita. Nenda ofisi ya kaunti katika wadi au kaunti ndogo yako, uulize biashara ya aina yako, ya ukubwa wako, hulipiwa nini.

Juu ya sheria hizo za kaunti kuna mbili za taifa zinazofanya kazi kila mahali nchini. Ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Ya pili ni Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, pamoja na kanuni zake za usafi wa chakula za mwaka 1978. Afisa wa afya ya umma akibisha mlango wako, mara nyingi ni hizi mbili alizobeba kichwani.

KARATASI UNAZOHITAJI

Kwanza ni kibali cha biashara cha kaunti. Hiki ndicho kinachokutambua kama mfanyabiashara, na hulipiwa upya muda wake unapokwisha. Kuwa nyumbani hakukuondolei wajibu huo. Jijini Nairobi, kaunti ilianza mwaka 2023 kuunganisha leseni kadhaa, zikiwemo za usafi wa chakula na za kuzuia moto, katika kibali kimoja ili mtu asizunguke ofisi nyingi.

Pili ni leseni ya mahali penyewe. Kanuni za usafi wa chakula zinasema mtu asitayarishe, asipakie, asihifadhi wala asiuze chakula katika jengo lisilo na leseni. Kabla ya kuitoa, afisa wa afya huja kukagua. Hataangalia mapambo ya sebule. Ataangalia maji yatoka wapi, choo kiko umbali gani na jiko, taka zinakaa wapi, sakafu na kuta zaweza kuoshwa au la, na panya wana njia ya kuingilia au hawana.

Tatu ni cheti cha afya cha kila anayeshika chakula. Kila anayeshika, si wewe peke yako: binamu anayekukandia unga na kijana anayepakua pia wamo. Cheti hiki hufanywa upya kila baada ya miezi sita.

Nne, ukianza kupakia bidhaa katika pakiti, chupa au mikebe na kuipeleka madukani, unahitaji alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Pakiti nayo ionyeshe jina la bidhaa, vilivyomo, siku ilipotengenezwa na siku ya mwisho ya kutumiwa. Anayeuza maziwa au mtindi ana mlango mmoja zaidi wa kubisha, ule wa Bodi ya Maziwa nchini.

Usione alama ya ubora kuwa urembo wa pakiti. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu yaliwadhuru watu 317 katika maeneo ya Makueni, Kitui na majirani zake, na 125 kati yao wakafa. Sumu iliyowaua, sumukuvu au aflatoksini, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 tu katika kila sehemu bilioni moja. Anayesaga njugu jikoni akauza siagi yake hawezi kukijua kiwango hicho kwa kuonja. Ni maabara pekee inayoweza kumwambia.

TATIZO LA CHUMBA KIMOJA

Hapa ndipo sheria inapogongana na maisha ya wengi mijini. Sura ya 242 inakataza mtu kuishi au kulala katika jiko au chumba ambamo chakula cha kuuza kinatayarishwa au kuhifadhiwa. Nayo maelfu ya jamaa za mijini huishi katika chumba kimoja, ambapo kitanda, jiko na mtungi wa maji vimetenganishwa na pazia.

Sharti hili lilitoka wapi? Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, Nairobi, ambako watu walifanya biashara, walihifadhi vyakula na walilala katika mabanda yale yale. Afisa wa afya aliamuru soko lote lichomwe moto. Sheria ya Afya ya Umma ilipoanza kutumika mwaka 1921, iliagiza pia kwamba majengo ya kuhifadhia vyakula vya biashara yawe ya kuzuia panya. Panya hufuata chakula, viroboto huwafuata panya, na mtu akilala hapo hapo, viroboto humpata yeye.

Utasema tauni si tishio la Nairobi ya leo. Kweli, lakini panya na mende bado wapo, na pazia haliwazuii. Halizuii kikohozi cha mgonjwa kuangukia unga ulioachwa wazi, wala nepi ya mtoto anayeharisha kubadilishwa hatua mbili kutoka kwa sufuria. Tena kuna hatari za upande wa pili, za kazi kumdhuru anayelala. Karai la mafuta ya moto likiwa chini saa kumi za alfajiri, na mtoto akaamka na kupapasa gizani, ni ajali inayosubiri siku yake. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huua watu usingizini.

Basi mtu wa chumba kimoja afanye nini? Jibu la kweli ni kwamba chumba hicho hakitapata leseni ya chakula, na asikudanganye mtu kwamba kitapata ukimpa kitu kidogo. Lakini ziko njia. Watu watatu au wanne wa ploti moja wanaweza kukodisha pamoja chumba kimoja cha kupikia tu, wakagawana kodi na zamu. Wengine hukodisha kwa saa jiko la hoteli ndogo isiyofanya kazi usiku. Wengine hupika katika kibanda kilichokaguliwa, nyumbani wakabaki na hesabu na simu za wateja. Kabla ya kulipa kodi yoyote, mwite afisa wa afya apaone mahali penyewe. Ushauri wake kabla ya kuanza ni nafuu kuliko ilani yake baadaye.

CHETI CHA DAKTARI SI CHA KUNUNUA

Kuna watu ambao huonyesha pesa, wakapata cheti bila kutoa hata tone la damu au kipimo cha choo. Huenda wakamkwepa askari wa kaunti. Ugonjwa hawaukwepi.

Historia ya homa ya matumbo inatupa mfano wa mpishi mmoja wa Marekani, Mary Mallon. Alikuwa mwenye afya, mchapakazi, na alisifiwa kwa upishi wake. Lakini kila alikofanya kazi, watu waliugua homa ya matumbo. Mwaka 1907 wakuu wa afya wa New York walimzuia baada ya kugundua kwamba alibeba viini vya ugonjwa huo bila kuugua. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 akapatikana akipika, kwa jina jingine, katika hospitali ya kina mama waja wazito. Watu 25 walikuwa wameambukizwa na wawili wakafa. Alizuiliwa hadi alipofariki mwaka 1938.

Watu kama yeye wako hata leo. Kati ya wagonjwa 100 wa homa ya matumbo, mmoja hadi watano hubaki na viini mwilini, mara nyingi katika kifuko cha nyongo, kwa mwaka mzima au zaidi. Hawana homa na hawana maumivu. Hutoa viini hivyo chooni, na mikono isiyooshwa huvifikisha kwenye kachumbari. Kipimo kinakusudiwa kumpata mtu huyo, atibiwe kabla hajaendelea kupika.

Hata hivyo, cheti kisikufanye ujisahau. Kinaeleza hali yako siku uliyopimwa. Ukipatwa na kuhara wiki mbili baadaye, cheti kilichoning'inia ukutani hakitamkinga mteja. Mwenye kuhara, kutapika, homa ya manjano au jipu mkononi asishike chakula cha watu mpaka apone. Jipu au kidonda kinachotoa usaha hubeba viini vinavyoacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haivunjiki kwa kuchemshwa tena. Mlaji huanza kutapika saa chache tu baada ya kula.

Nairobi imekwisha kuonja matokeo ya uzembe huu. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliokula katika mikutano mikubwa jijini, na Wizara ya Afya ikaamuru wanaoshughulikia chakula wapimwe upya. Oktoba 2022 mlipuko mwingine ulianza, na wagonjwa wa kwanza walihusishwa na sherehe ya harusi huko Limuru, Kaunti ya Kiambu. Kumbuka hilo unapochukua kandarasi ya kupikia wageni 200 katika jiko lililozoea watu sita.

SAA MBILI ZA HATARI

Biashara nyingi za chakula za nyumbani zina udhaifu mmoja: chakula hupikwa alfajiri na kuliwa adhuhuri. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba viini huzaana haraka katika joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60. Hilo ndilo joto la ndoo ya wali iliyofunikwa kwa kitambaa na kuachwa mezani.

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Ama kiwekwe kikiwa moto sana, zaidi ya nyuzi 60, ama kipozwe upesi na kutiwa katika friji. Kinaporudiwa motoni kifike nyuzi 70 hadi katikati. Wali una hila yake: mbegu za viini fulani huvumilia kuchemshwa, kisha huamka wali unapopoa polepole na kutoa sumu. Kipooze katika sinia pana, usikiache kwenye sufuria ndefu usiku kucha.

Maji nayo yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, hata yakiwa ya mfereji, kwa sababu katika mitaa mingi mabomba hukauka na kuvuta uchafu kupitia nyufa. Ubao na kisu cha nyama mbichi visikate kachumbari. Pesa zishikwe na mtu mwingine, au mikono ioshwe kwa sabuni kila mara.

JIRANI NAYE ANA HAKI

Si wauza chakula pekee wanaofanyia kazi nyumbani. Kuna wasusi, washonaji, mafundi wa vyuma, wasagaji wa nafaka na wenye studio za muziki. Hao nao wanahitaji kibali cha kaunti. Na nyumba ikibadilishwa kabisa kutoka makao hadi hoteli au karakana, sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti kwanza. Mpangaji naye apate ruhusa ya mwenye nyumba, ikiwezekana kwa maandishi, kwa maana huenda mkataba wake unakataza biashara.

Sura ya 242 huita kero kitu chochote kinachohatarisha afya ya watu: mtaro unaonuka, rundo la taka, moshi mzito, nyumba iliyojaa watu kupita kiasi. Kuhusu kelele, kanuni za mazingira za 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba mchana katika mitaa ya makao, na desibeli 35 usiku, na usiku huanza saa mbili. Kiwango cha 50 ni karibu na sauti ya mazungumzo ya upole. Mashine ya kukata vyuma hupita hapo mara nyingi. Anayekosa usingizi mwezi baada ya mwezi huwa katika hatari ya shinikizo la damu, na mtoto anayevuta moshi wa makaa kila siku huugua kifua. Kuzungumza na majirani kabla ya kuanza, na kukubaliana saa za kazi, kumewaokoa wengi na mashtaka.

AFISA AKIJA

Sasa turudi kwa malalamiko. Ni kweli kwamba wako watu wanaojifanya maafisa, na wako maafisa wanaotumia sheria kutisha. Kinga yako ni kujua utaratibu.

Mwombe kitambulisho cha kazi, usome jina na idara. Afisa halali hatakasirika. Akipata kero, utaratibu wa Sura ya 242 ni kukupa ilani inayosema kosa ni nini na urekebishe kwa muda gani. Ni ukikataa ndipo mambo huenda mahakamani. Chakula kibovu kinaweza kuzuiliwa papo hapo, na hapo usibishane, bali uandike kilichochukuliwa, kiasi chake na jina la aliyekichukua. Usilipe shilingi mkononi. Ada hulipwa kwa njia rasmi ya kaunti, na kila malipo yana risiti. Pesa isiyo na risiti haikununulii ruhusa, itakununulia tu ziara nyingine wiki ijayo.

KWA UFUPI

Ukitaka kuanza biashara ya chakula nyumbani, fuata mpango huu:

1. Uliza ofisi ya kaunti ada na masharti ya biashara yako kabla ya kununua vyombo.

2. Pata ruhusa ya mwenye nyumba, na uzungumze na majirani.

3. Mwite afisa wa afya akague mahali pa kupikia. Kama ni chumba cha kulala, tafuta mahali pengine.

4. Pimeni nyote mtakaoshika chakula, na mrudie kila miezi sita.

5. Hifadhi vibali, vyeti na risiti mahali pamoja, tayari kuonyeshwa.

6. Ukianza kupakia na kusambaza madukani, nenda KEBS kabla ya kuchapisha pakiti.

Kama wewe ni mnunuzi, nawe una sehemu yako. Unapoagiza keki ya sherehe au chakula cha ofisini, omba kuona cheti cha mpishi na uulize kilipikwa saa ngapi. Mpishi mwema hatachukia swali hilo. Atafurahi kwamba gharama alizoingia zimeonekana, na yule aliyenunua cheti chake kichochoroni atajua kwamba wateja wameanza kuuliza. Kinga ni bora kuliko tiba.